Barua za Keya Bado Zimo Sandukuni: Jinsi Familia Inavyoweza Kuokoa Historia Yake

Katika nyumba nyingi za Machakos, hasa zile za familia zilizokuwa na babu aliyevaa sare ya King's African Rifles, kuna sanduku la bati chini ya kitanda au juu ya dari. Ndani yake mna medali ambayo hakuna anayejua ilitolewa kwa ajili gani, kipande cha zamani, stakabadhi za kodi, na barua zilizokunjwa mara nne. Mara nyingi sanduku hilo hufunguliwa siku chache baada ya mazishi, watoto wanapogawana vitu vya marehemu. Medali huchukuliwa na kifungua mimba. Sanduku huchukuliwa na mwingine wa kuwekea nafaka. Karatasi huenda jikoni kuwashia moto.

Hapo ndipo historia ya familia inapokatika. Medali husema tu kwamba mtu alikuwa jeshini. Barua husema alikuwa wapi, mwezi gani, aliumwa nini, alituma pesa kiasi gani, ng'ombe gani alitaka wauzwe na mtoto gani alitaka apelekwe shule. Wengi walioweza kueleza mambo hayo kwa mdomo wameshafariki. Aliyejiunga na jeshi akiwa na miaka 20 mwaka 1940 angekuwa amepita miaka 100 leo. Hata watoto waliosomewa barua hizo kwa sauti nyumbani sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi.

Makala haya yanaeleza barua za wakati wa vita na za miaka iliyofuata zinabeba nini, zinasomwaje, na namna ya kuzihifadhi nyumbani bila gharama kubwa.

Majina ambayo hayakuandikwa

Zaidi ya wanaume 300,000 wa Afrika Mashariki waliandikishwa jeshini katika Vita Kuu ya Pili, kati ya 1939 na 1945. Ukambani ilikuwa miongoni mwa sehemu za Kenya zilizotoa askari wengi zaidi. Walioandikishwa hawakuwa wapiganaji pekee. Walikuwemo madereva, wapishi, wauguzi, mafundi, wapelekaji wa habari kwa simu ya upepo, na wajenzi wa barabara na madaraja.

Kumbukumbu za serikali kuhusu watu hawa zina mapengo. Jina liliandikwa jinsi karani alivyolisikia, na karani mara nyingi hakujua lugha ya aliyekuwa mbele yake. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwa jina lake na la baba katika orodha moja, kwa jina la ubatizo katika nyingine, na kwa jina la kijiji chake katika ya tatu.

Kwa Vita Kuu ya Kwanza hali ni mbaya zaidi. Wapagazi wa Kariakoo, waliobebeshwa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika na zaidi, walikufa kwa maelfu mengi kwa maradhi na uchovu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na kwamba huenda idadi hiyo inafika 350,000.

Kwa hiyo barua ya familia inaweza kuwa na thamani inayopita ya kumbukumbu ya nyumbani. Inaweza kuwa mojawapo ya karatasi chache zinazounganisha jina kamili la mtu, kijiji chake, nambari yake ya jeshi na mahali alipokuwa.

Nani aliyeandika, na nani aliyesoma

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mwandiko ulio kwenye barua huenda si wa babu. Wengi waliingia jeshini bila kujua kusoma. Katika kila kikosi walikuwepo wachache waliosoma shule za misheni, na hao waliwaandikia wenzao. Mwandiko ule ule unaweza kuwa umetumika kuandika barua za wanaume kumi wa vijiji kumi tofauti. Kuanzia 1942 jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu cha Afrika Mashariki, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika humo. Familia yenye barua kadhaa inaweza hata kuona mabadiliko hayo: za mwanzo zina mwandiko wa mtu mwingine, kisha inakuja moja yenye herufi kubwa zinazoyumba, iliyoandikwa na mwenyewe.

Lugha nayo ina habari zake. Kiswahili cha jeshini kilikuwa cha mkato, na mwandishi wa Ukambani angeanza kwa Kiswahili kisha akahamia Kikamba alipofika kwenye mambo ya nyumbani. Mchanganyiko huo usisahihishwe wakati wa kunakili. Unaonyesha mtu alivyozungumza.

Huku nyumbani barua ilipokewa misheni, dukani au kwa chifu, kisha ikatafutwa mtu wa kuisoma. Mara nyingi msomaji alikuwa mtoto wa shule au mwalimu. Hiyo ina maana kwamba mwandishi alijua maneno yake yatasikiwa na nyumba nzima, na aliandika akilijua hilo. Salamu ndefu za kumtaja kila mmoja kwa jina, ambazo wajukuu huziruka, ndizo orodha ya watu waliokuwa hai katika boma hilo siku hiyo. Kwa anayechora ukoo, salamu ni sehemu yenye mali zaidi.

Mambo ambayo barua haisemi

Barua za askari zilisomwa na maafisa wa jeshi kabla ya kutumwa. Askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo, jina la meli wala mipango ya kikosi. Ndiyo maana barua nyingi husema tu “niko mbali” au “tumevuka bahari”. Maneno mengine yalifutwa kwa wino au kukatwa kwa makasi. Tundu katika karatasi si lazima liwe kazi ya panya.

Hata hivyo, tarehe ikiwepo, mahali panaweza kukisiwa kwa kufuata mwendo wa majeshi ya Afrika Mashariki:

- Barua za mwanzo wa 1941 huenda zilitoka Somalia au Abisinia. Mogadishu ilitekwa Februari 1941 na Addis Ababa Aprili mwaka huo. Mapigano ya mwisho yalikuwa Gondar, Novemba 1941.
- Mwishoni mwa 1942 baadhi ya vikosi vilikuwa Madagaska.
- Kuanzia katikati ya 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, ilikuwa Seiloni, nchi inayoitwa Sri Lanka leo.
- Katika nusu ya pili ya 1944 divisheni hiyo iliwafuata Wajapani katika Bonde la Kabaw huko Bama, wakati wa mvua kubwa, matope na malaria. Desemba 1944 ilifika Kalewa, ambapo daraja refu la chuma lilijengwa juu ya mto Chindwin.
- Barua za mwishoni mwa 1945 na za 1946 nyingi ni za kungojea. Vita vilikuwa vimekwisha Agosti 1945, lakini meli za kuwarudisha nyumbani zilichelewa.

Mhuri wa posta husaidia pia. Posta za jeshi zilitumia herufi kama E.A.A.P.O. au F.P.O. pamoja na nambari badala ya jina la mji. Bahasha isitupwe hata ikiwa imechanika, kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye nambari ya askari na jina la kikosi, huku barua yenyewe ikiwa na salamu tu.

Wakati mwingine ukimya ndio habari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa siku chache kabla kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Familia yenye barua ya mwisho ya Januari au mwanzo wa Februari 1944 kutoka Mombasa, na baada ya hapo kimya, ina sababu ya kutafuta jina la mtu wao katika kumbukumbu za meli hiyo. Waliopotea na meli hiyo wanakumbukwa katika makaburi ya vita yaliyoko Ngong Road, Nairobi.

Barua za baada ya vita

Familia nyingi huthamini barua zenye mhuri wa jeshi na kutupa zile zilizofuata. Hilo ni kosa. Aliyerudi 1946 alikuwa na mambo ya kuandika: malipo ambayo hayakufika, pesa alizotumiwa mkewe kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, maombi ya leseni ya duka au ya lori, barua za wenzake wa kikosi waliotoka Uganda, Nyasaland au Tanganyika. Barua hizo zinaeleza kwa nini familia ilihama, kwa nini shamba fulani lilinunuliwa, au kwa nini mtoto mmoja alisoma na mwingine hakusoma.

Kisha kulikuwa na Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi 1960. Waliozuiliwa Manyani, Mackinnon Road, Lokitaung na kambi nyingine nao waliandika, na barua zao pia zilikaguliwa. Nyingine zilitoka kwa siri. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, gereza ambako Paul Ngei wa Ukambani alikuwa miongoni mwa waliofungwa, ilifika London na kuchapishwa katika gazeti la The Observer, ikazua maswali kuhusu hali yao. Barua ya mfungwa kwa mkewe haikufika gazetini, lakini kwa familia ina uzito uleule.

Kuzilinda: yanayofaa na yanayoharibu

Karatasi ina maadui wanne wakubwa: unyevu, jua, wadudu, na mkono wa mwanadamu anayetaka kuitengeneza.

*Usafi na kushika.* Mikono ioshwe na ikaushwe vizuri. Barua ishikwe juu ya meza safi, mbali na chai na watoto. Iliyokunjwa kwa miaka mingi isinyooshwe kwa nguvu wala kupigwa pasi. Ifunguliwe polepole na kuwekwa chini ya kitabu chepesi kwa siku kadhaa. Ikikataa kufunguka, iachwe.

*Selotepu na laminesheni.* Haya mawili yameharibu barua nyingi kuliko mchwa. Gundi ya selotepu hugeuka rangi ya kahawia, huingia katika karatasi na kula wino. Laminesheni hufunga karatasi kwa plastiki na joto, na haiwezi kuondolewa tena. Barua iliyochanika iwekwe vipande vyake pamoja ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, bila gundi.

*Pini na klipu.* Chuma hushika kutu na kutoboa karatasi. Pini za zamani zitolewe taratibu. Pia mipira ya kufungia pesa isitumike, kwani huyeyuka na kunata.

*Wino.* Barua nyingi za jeshini ziliandikwa kwa kalamu ya rangi ambayo huonekana kama penseli lakini hugeuka zambarau ikiguswa na maji. Kwa sababu hiyo barua isifutwe kamwe kwa kitambaa chenye maji. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu.

*Mahali.* Kila barua iwekwe peke yake ndani ya bahasha ya karatasi au ikunjiwe karatasi safi, kisha zote ziwekwe ndani ya boksi lenye mfuniko. Mfuko wa plastiki wa dukani haufai kwa sababu hufunga unyevu ndani. Boksi likae chumba cha ndani, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, sakafu, dirisha na jiko. Chini ya mabati ya paa pana joto kali mchana na baridi usiku. Dawa ya mbu au ya mchwa isipulizwe juu ya karatasi zenyewe. Boksi lifunguliwe na kukaguliwa angalau kabla na baada ya kila msimu wa mvua.

*Zikilowa.* Karatasi zilizolowa zisianikwe juani. Zitandazwe kivulini mahali penye upepo, juu ya karatasi zinazofyonza maji, na karatasi hizo zibadilishwe mara kwa mara. Ukungu huanza ndani ya siku mbili hivi. Barua zikiwa nyingi na haziwezi kukaushwa kwa wakati, zinaweza kuwekwa katika friza ndani ya mfuko safi hadi zitakaposhughulikiwa chache chache.

Kutoa nakala

Kazi hii inaweza kufanywa kwa simu ya mkononi. Barua ilazwe juu ya meza karibu na dirisha, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja. Mmulimuli wa simu uzimwe. Simu ishikwe sambamba na karatasi ili maandishi yasipinde. Kila ukurasa upigwe pande zote mbili, hata upande usio na maandishi, na bahasha pia. Anayetumia mashine ya kuskani katika saiba achague nukta 300 kwa inchi au zaidi, na asiruhusu barua dhaifu ipitishwe katika mashine inayovuta karatasi yenyewe.

Kila picha ipewe jina linaloeleweka, kwa mfano: 1944-10 Bama kwa mama ukurasa 1. Pasipo na tarehe iandikwe “bila tarehe”, wala isibuniwe. Nakala zihifadhiwe mahali pasipopungua patatu: kwenye simu au kompyuta, kwenye flashi diski, na kwa ndugu anayeishi mbali. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, kwa hiyo ni vyema zitumwe kama faili.

Baada ya picha, barua inakiliwe neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya tahajia. Neno lisilosomeka liwekewe alama ya kuuliza. Tafsiri na maelezo yaandikwe kando, yasichanganywe na maneno ya mwandishi. Anayekuja baadaye anapaswa kujua yapi ni ya babu na yapi ni ya mjukuu.

Wazee waulizwe mapema

Barua peke yake haijielezi. “Msalimie yule wa mtoni” ni nani? “Ile deni ya mbuzi” ilikuwa ya nini? Hayo yanajulikana na shangazi mmoja au wawili waliobaki. Njia nzuri ni kumsomea mzee barua kwa sauti, polepole, kama alivyosomewa utotoni, huku simu ikirekodi kwa ruhusa yake. Asikatizwe anapotoka nje ya mada. Mara nyingi habari yenyewe iko huko. Tarehe ya mazungumzo na jina la mzungumzaji viandikwe siku hiyo hiyo. Akikosa kukumbuka mwaka, aulizwe kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya njaa ya 1943, kabla au baada ya mtoto fulani kuzaliwa?

Pa kutafuta zaidi

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo linalotazamana na iliyokuwa hoteli ya Hilton. Huko kuna majalada ya utawala wa wilaya za zamani, Machakos ikiwemo, yenye mawasiliano kuhusu askari, familia zao na waliorudi vitani. Anayekwenda abebe kitambulisho, majina yote ambayo babu alitumia, jina la eneo, na nambari ya jeshi ikiwepo.

Kwa waliofariki vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ina orodha inayopatikana bila malipo kwenye intaneti. Jina litafutwe kwa tahajia zaidi ya moja. Waliofia Bama bila kaburi linalojulikana wanakumbukwa Taukkyan, ambako kuna mnara wenye majina karibu 27,000. Familia yenye barua inayoonyesha jina lililokosewa au lisilokuwepo inaweza kuituma kwa tume hiyo kama ushahidi. Itumwe nakala. Barua asili ibaki nyumbani.

Barua ni za nani?

Swali hili huleta ugomvi, na ni heri lijibiwe mapema. Karatasi ni mali ya aliyeipokea na warithi wake. Maneno yaliyomo, kwa upande wa kuchapisha, ni ya mwandishi na warithi wake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ulinzi huo hudumu kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mara nyingi pande zote mbili ni familia moja, lakini si wakati wote.

Kuna pia jambo lisilo la sheria. Barua inaweza kutaja mke ambaye watoto hawakumjua, mtoto aliyezaliwa baba akiwa mbali, au ndugu aliyeuza ng'ombe wasio wake. Watoto wa waliotajwa bado wako hai, pengine katika boma jirani. Barua ya namna hiyo haifai kuchomwa, wala haifai kuanza kwa kusambazwa katika kikundi cha ukoo. Inaweza kuhifadhiwa katika bahasha iliyofungwa, yenye maandishi yanayoeleza ni akina nani waombwe ruhusa kwanza. Kinachoumiza kizazi hiki kinaweza kuwa jibu ambalo kizazi kijacho kinalitafuta.

Hatua za mwezi huu

Katiba ya 2010 iliweka maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Hata hivyo, hakuna ofisi inayoweza kuhifadhi barua ambayo imeshawashia moto. Kazi ya kwanza iko nyumbani, na si kubwa: familia ikubaliane nani ndiye mtunzaji wa boksi, karatasi zipigwe picha zote kabla ya kupangwa, na mzee mmoja asomewe barua moja.

Na pale panapotokea msiba, sanduku la marehemu liwekwe kando hadi shughuli zote ziishe. Ng'ombe na shamba vitagawanywa kwa utaratibu wake. Karatasi zisigawanywe. Zikitawanywa kwa watoto saba, kila mmoja hubaki na kipande kisichoeleweka. Zikikaa pamoja, wote saba wanaweza kuzisoma.